Mkono Ulionyoa Peke Yake

Nilikuwa na damu nyingi mno, na mkono wangu wa kulia ukaanza kufa. Haukufa moja kwa moja. Ulikuwa unakufa kwa muda wa kumpaka mtu povu kidevuni, halafu unarudi, na ukirudi unawaka kama umetoka jikoni. Mimi ni kinyozi. Kinyozi ambaye mkono wake unakufa na kufufuka ni hatari kuliko mwizi, kwa sababu mwizi humpi shingo ukafumba macho.

Lakini mambo hayakuanzia mkononi, yalianzia bafuni. Nikioga maji ya moto, nikishajikausha, mwili mzima unawasha, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi na si juu yake. Najikuna mpaka naumia. Natazama, hakuna kipele, hakuna alama, ngozi imetulia tu kama haijui kitu. Mke wangu akabadilisha sabuni ya kuogea. Akabadilisha ya kufulia. Mwisho akabadilisha ndoo.

"Baba watoto," akasema, "labda maji yenyewe hayakutaki."

"Maji yananitaka. Mimi ndiye nakataliwa na ngozi yangu."

"Basi uwe unaoga ya baridi."

Nikawa naoga ya baridi.

Wakati huohuo nikaanza kupendeza. Sitanii. Uso ulijaa, midomo ikaiva, viganja vikawa vyekundu kama vya mtu aliyekuwa anapiga makofi. Wateja wakawa wanakaa kitini na kunisifu kwenye kioo. Eti nimenawiri. Eti ndoa imenikubali, nimeanza kula vya watu. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu naamka, masikio yanavuma, na huku kila anayeingia ananiambia afya yangu ni ya kuonewa wivu. Kadiri nilivyougua ndivyo nilivyozidi kung'aa.

Saluni yetu ni chumba chembamba chenye viti viwili vya kunyolea na benchi la wanaosubiri. Kioo kimoja kirefu kiko mbele ya viti na kingine nyuma yao, ili mteja aone kisogo chake bila kushikiwa kioo cha mkono. Ukisimama katikati unajiona umepangwa mstari, vinyozi wengi wenye mikono mingi, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake, mpaka huko mbali ambako sura haionekani tena. Watu wageni huwa hawapendi. Sisi tulizoea.

Kiti cha pili ni cha mwenzangu, tunamwita Kipara kwa sababu kichwa chake hakina hata unywele, kimeteleza kama yai. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mteja akimuuliza, "Utanitoa kama wewe?" anajibu, "Kama mimi ni bei nyingine." Ananiita Mkubwa, ingawa tumepishana kidogo tu kwa umri.

Kuna sharti moja sisi vinyozi wa mtaa ule tunalishika wote: kichwa nusu hakiachwi. Umeme ukikatika, unamalizia kwa mkasi. Ukiitwa nje, unajibu kwa mdomo lakini miguu haitoki. Mtu aliyenifundisha kazi aliletewa habari ya kuzaliwa kwa mwanawe akiwa katikati ya utosi wa mtu, akasema, "Mwambieni anisubiri," akamaliza. Mteja akitoka na nusu, wanasema, nusu nyingine inabaki inakudai. Sikuwahi kuuliza inadai nini. Kwa ajili ya sharti hilo hatunywi maji mchana. Kinyozi anayekunywa maji atabanwa, akibanwa ataacha kichwa. Tunakunywa jioni, baada ya kufagia nywele.

Siku mkono ulipokufa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika mashine. Sikusikia maumivu. Niliona tu kwamba mngurumo wa mashine uko masikioni lakini haupo tena kiganjani. Nikatazama chini. Kulikuwa na mkono umeshika mashine karibu na sikio la mtu, ncha za vidole zimepauka rangi ya majivu, na mkono ule haukuwa wangu. Sijui niseme vipi. Saa ilikuwa yangu, kovu la dole gumba lilikuwa langu. Lakini ulikuwa kama mkono wa mtu aliyesimama nyuma yangu na kuupitisha chini ya kwapa langu. Niligeuka hata kutazama. Nyuma kulikuwa na kioo tu.

Halafu ukarudi kwa moto.

Nilimwambia Kipara. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Hiyo ni mashine, Mkubwa. Mtetemo unaua mishipa. Mimi namjua kinyozi, mwisho wake alikuwa anafungwa vifungo na mkewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Weka mashine chini. Rudi kwenye wembe kama wazee. Wembe hautetemeki."

Ilikuwa na maana kabisa. Nikaifunga mashine kwenye kitambaa, nikaiweka kabatini. Nikatoa wembe wa mpini, ule unaobadilishwa kiwembe, nikaanza kunyoa kila mtu kwa povu na wembe. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo vinyozi tu wangeweza kulikosea. Mkono unakufa, sisi tukaupa wembe.

Wateja walipenda. Kichwa cha wembe kinang'aa, kinakaa siku nyingi. Benchi likawa halitoshi.

Siku nyingine haukuwa mkono, yalikuwa macho. Alikuwa amekaa mzee mmoja mpiga chapa, mtu mpole, anasinzia akiguswa kichwa. Nikainua macho kutazama kiooni kama pande zote ziko sawa, nikamwona ana sikio moja. Sikio moja, jicho moja, nusu ya pua, na baada ya hapo hakuna kitu. Usifikiri ni giza. Giza ningeliona. Ilikuwa kama vile unavyoona kwa kisogo chako: huoni cheusi, huoni cheupe, huoni. Nusu ya kulia ya kioo ilikuwa haipo, na nusu ya kulia yangu mimi niliyesimama nyuma yake nayo haipo, na katika ule mstari wote wa vinyozi wanaopungua kuelekea mbali, kila mmoja alikuwa nusu.

Nikafumba macho nikahesabu vifungo vya shati langu kwa kugusa. Nilipofumbua, mzee alikuwa mzima, anakoroma.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, na ungesema nini? Mteja akisikia kinyozi wake anamwona nusu, atakwenda kwa mwingine, na mimi nisingemlaumu.

Kilichonipeleka hospitali ni kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Mke wangu alikuwa ananikata kucha, akasimama na mkasi hewani.

"Hiki umekibana na nini?"

"Sijakibana."

"Baba watoto, kidole ni cheusi. Si cheusi chetu hiki. Ni cheusi cha mkaa."

Akakibonyeza. Sikusikia. Kesho yake sikwenda kazini, nilipelekwa kama mtoto, yeye mbele.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alipochoma sindano kwenye mkono wangu, damu haikuruka kuingia kwenye kichupa. Ilikuja polepole, nyeusi, kama inafikiria. Aliipeleka maabara, wakarudisha wakidhani mashine yao imekosea. Wakatoa nyingine. Mashine haikukosea. Vipimo vikaendelea kwa siku kadhaa, mpaka akatuita tukae.

"Una ugonjwa wa watu wachache sana," akasema. "Ndani ya mifupa ndimo damu inamotengenezwa. Kwako kiwanda hakijui kuacha. Kinatengeneza chembe nyekundu usiku na mchana, hata pasipo haja."

"Nimeupata wapi?"

"Hujaupata popote. Hujaambukizwa, hujarogwa, hujarithi. Umetokea tu."

Hilo ndilo jibu lililonitisha kuliko yote. Kila kitu kina aliyekileta. Hiki kilikuwa kimetokea tu, kimekaa ndani ya mifupa kikifanya kazi bila mapumziko, na mimi nikipewa sifa kwa kunawiri.

Akaendelea. Damu ikizidi hivyo inakuwa nzito. Ndani ya ateri, ile mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuisambaza, inapita kwa shida, inagandana, na kidonge cha damu kikishafanyika kinasafiri mpaka kinapokutana na njia nyembamba. Kikinasa kwenye mguu, kidole kinakufa. Kikinasa kichwani, inategemea upande. Kwangu kilikuwa kinanasa upande wa kushoto wa ubongo, halafu kinaachia. Upande huo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na maneno, na nusu ya kulia ya kila unachotazama.

Mke wangu akageuka kunitazama. "Nusu ya unachotazama? Hilo hukunieleza."

Nikatazama sakafu.

"Unakunywa maji kiasi gani mchana?" daktari akauliza.

"Jioni."

"Nimeuliza mchana."

"Nimejibu."

Wakanilaza kwenye kitanda, wakanitoa damu mfuko mzima. Niliona mfuko unavimba polepole pembeni ya kitanda, unatikiswa na chombo kinachozuia damu isigande, mweusi na wa moto. Mke wangu aliuliza watampa mgonjwa gani. Muuguzi akasema hapewi mtu, inakwenda kuteketezwa. "Damu yote hiyo?" akasema mke wangu, kwa sauti ya mtu anayeona chakula kinamwagwa. Mimi nilikuwa nasikia kichwa kinakuwa chepesi, masikio yanaacha kuvuma, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikasikia ukimya. Sikuupenda. Nilikuwa nimezoea kusikia kitu.

Kidole hakikuokolewa. Wakakikata.

Kabla sijaondoka daktari alisimama mlangoni. "Utakuja kutolewa damu kila nikikuita. Utameza kidonge hiki kila siku, utakunywa maji mchana. Na mkono ukifa tena, usingoje ufufuke. Kile kitakachokataa kuachia ndicho nakiogopa, na muda ndio dawa yake. Acha chochote unachofanya, uje hapohapo. Chochote."

"Hata kichwa kikiwa nusu?"

Akadhani natania, akacheka.

Nyumbani mke wangu aliuchukua wembe akauficha. Nikarudi kwenye mashine, na chupa ya maji juu ya kabati. Kipara aliitazama chupa ile kama nimeleta nyoka. "Kwa hiyo wewe damu imezidi, mimi nywele zimekwisha," akasema. "Mgawaji alikuwa na haraka." Lakini naye akaanza kuniangalia. Nilikuwa namwona kiooni, mkono wake uko kwa mteja wake, macho yako kwenye mkono wangu.

Mkono ukatulia. Mwasho ukapungua, viganja vikapoa. Mwezi ukapita, na mwingine, nao haukufa hata mara moja. Nikajiona nimepona. Ndivyo mtu anavyojiona.

Kisha shemeji akaoa. Ni mdogo wa mwisho wa mke wangu, mimi ndiye nimemnyoa tangu akiwa analetwa amebebwa na analia. Ndoa ilikuwa alasiri, asubuhi akaja saluni amebeba suti kwenye mfuko, na mfukoni mwa suruali ametia wembe wangu.

"Umeutoa wapi huo?"

"Kwenye pipa la unga. Dada hajui kuficha vitu, shemeji, tangu utoto."

"Nitakunyoa kwa mashine."

"Siku ya ndoa yangu? Niende pale na kichwa cha mashine kama ninakwenda shule?" Akakaa kitini, akajifunika shuka mwenyewe. "Wembe, shemeji. Au unataka nipelekwe kwa huyo mwenye yai?"

"Karibu," Kipara akasema. "Mkono wangu si wa harusi, lakini uko hai."

Tulicheka wote watatu. Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa wa joto, ulikuwa wangu. Nikatia kiwembe kipya, nikapiga povu.

Nilianza katikati ya utosi kurudi nyuma, kama kawaida, halafu upande wa kushoto. Shemeji alikuwa amefumba macho, anazungumza juu ya wakwe zake. Kushoto pakaisha, pakabaki pamepauka na kung'aa, na kulia bado kuna povu jeupe. Nikainua macho kiooni kutazama mstari.

Mkono wangu haukuwepo.

Nilijiona nimesimama nyuma ya shemeji, bega la kushoto liko, mkono wa kushoto uko, umevuta ngozi ya kichwa chake. Baada ya hapo hakuna kitu. Upande wote wa kulia umekwenda. Na mkononi mwenyewe hamkuwa na hisia yoyote, si baridi, si ganzi, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na mkono. Lakini sauti ilikuwa inaendelea. Kwaru. Kwaru. Sauti ya wembe unapita kwenye nywele fupi zilizolowa, ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu. Mtu alikuwa anaendelea kunyoa.

Nikageuza kichwa chote kulia mpaka nikauona. Ulikuwa pale, unafanya kazi. Na nasema kweli, ulikuwa unanyoa vizuri kuliko nilivyowahi kunyoa. Unapita mrefu, unajipangusa kwenye taulo, unarudi palepale ulipoachia. Haukuniuliza.

Watu huniambia, daktari alikuonya, kwa nini hukuacha? Mimi nilishaacha. Mkono ndio haukuacha. Nilisema moyoni, simama. Ukajipangusa, ukarudi.

Nikamwita Kipara. Nilitaka kusema, nishike mkono. Mdomo wangu ukasema, "Leta maji."

"Yako juu ya kabati, Mkubwa."

"Leta maji," nikasema tena. Nilikuwa nayasikia maneno yanatoka kwangu kama redio ya jirani.

Kipara akaacha mashine yake, akaniletea chupa. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Nikanywa. Nikamwona anatazama chini, pale nisipoweza kuona, uso wake ukabadilika. Baadaye alinieleza alichoona: mimi nimeinua kichwa nakunywa, macho yako darini, na mkono wa kulia unaendelea kuzunguka sikio la mtu bila kukosea.

"Mkubwa," akasema polepole, "tazama unachofanya."

"Leta maji," nikamjibu.

Shemeji, macho yamefumbwa, akasema, "Mpe hata mtungi, Kipara. Leo ananinyoa kama malaika."

Kulia pakaisha. Kichwa kilikuwa kizima, hakina povu, kinang'aa chote. Nilidhani sasa utatulia, kwa sababu hakuna tena kinachodai. Mkono haukutulia. Ulishuka nyuma ya sikio, ukafika shingoni. Shemeji alikuwa ameshanyoa ndevu nyumbani, hakukuwa na unywele pale. Ulishuka polepole kama unatafuta, ukasimama chini ya taya, mahali ambapo mshipa unaonekana unapiga. Ateri ya shingo. Sijawahi kuitazama vile. Ilikuwa inainua ngozi na kuiacha, inainua na kuiacha, na kiwembe kimelala juu yake kinapanda na kushuka nayo.

Nikaangusha chupa, nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwenye kifundo. Ulikuwa na nguvu. Haukuwa unasukuma, haukuwa unavuta. Ulikuwa umekaa, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake na huwezi kumwinua.

"Shemeji," akasema yule, bado amefumba macho, "leo una mikono mingapi?"

Kipara alikuja bila kukimbia. Hilo nalimshukuru mpaka leo, maana angekimbia mtu yule angeshtuka. Akamwekea shemeji kiganja kwenye paji la uso, akamwambia, "Tulia bwana harusi, kuna povu limebaki." Kwa mkono mwingine akaanza kufungua vidole vyangu. Alifungua kidole kimoja, alipogusa cha pili kile cha kwanza kikajifunga tena. Akaanza upya. Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha Kipara alikuwa amekaa na kichwa chake, anatutazama kwenye kioo cha mbele na cha nyuma, na kila mahali tulikuwa sisi, mstari mzima wa watu wanang'ang'ania mkono.

Wembe ulipochomoka ulimkata shemeji chini ya sikio. Damu ikatoka mara moja, nyekundu, nyepesi, inakimbia. Nakumbuka niliwaza, hivyo ndivyo damu inavyotakiwa kuwa. Halafu mguu wa kulia nao ukaondoka chini yangu.

Shemeji ndiye aliyenibeba, na shuka la kunyolea bado shingoni mwake. Kipara alikuja nyuma. Alimwacha mteja wake na kichwa nusu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada, na mteja yule hakurudi tena.

Hospitali daktari aliuliza swali moja tu, akalirudia kwa sababu hakuna aliyemjibu: ilianza saa ngapi? Mke wangu hakuwepo, shemeji alikuwa amefumba macho, mimi nilikuwa nasema maji, maji. Kipara akajibu kwa namna tunavyohesabu sisi.

"Kichwa kilikuwa nusu."

"Nusu ni dakika ngapi?"

"Inategemea kichwa."

Wakafanya walichoweza. Safari hii kilichonasa hakikuachia.

Maneno yalirudi kidogo kidogo, mengi yao. Mguu ulirudi, naburuta kidogo. Mkono haukurudi. Umelala pajani kutwa nzima kama paka wa jirani, mzito, wa vuguvugu. Nikiwa macho haunyanyui hata kijiko. Daktari ameuchoma kwa pini, ameuvuta vidole, akasema njia ya mkono ule imekufa, tusiudai.

Mara moja moja nakwenda saluni kukaa benchini, nisizoee nyumba. Alasiri moja nikasinzia. Nilipoamka saluni ilikuwa kimya, mashine zimezimwa, Kipara amesimama mbele yangu na wateja nyuma yake.

"Nini?"

"Ulikuwa unanyoa, Mkubwa."

"Nilikuwa nimelala."

"Ndiyo. Wewe ulikuwa umelala." Akavuta kigoda akakaa karibu, akashusha sauti. "Umeinuka huo mkono, ukashika kama umeshika wembe. Ukaanza utosini. Unapita, unajipangusa kwenye paja, unarudi. Mimi nimesimama hapa natazama, na Mkubwa, nimekijua kichwa. Ulivyokuwa unaruka pale kwenye uvimbe wa kisogo, ukazunguka lile kovu. Ni yule mzee mpiga chapa."

"Kwani kuna nini kumnyoa mpiga chapa ndotoni?"

"Tumemzika juzi. Ulikuwa umelazwa ukitolewa damu, tukaona tusikwambie."

Sikuwa nimeota chochote. Nikautazama mkono. Ulikuwa umelala pajani.

Nyumbani hatukulisema. Lakini mke wangu si mtu wa kusimuliwa. Kulipokucha siku moja nilimkuta amekaa kwenye kiti, mbali na kitanda, amejifunga kitenge kichwani na shingoni, amekaza.

"Ulinigusa," akasema.

"Mimi?"

"Sijui ni nani. Ulianza hapa juu, ukawa unanipapasa nywele kama unazipima. Nikasema moyoni, mume wangu mkono umepona. Nikafurahi, nikanyamaza, nisikuamshe." Akashika shingo juu ya kitenge. "Halafu ukashuka shingoni. Ukasimama hapa, panapopiga. Ukakaa hapo mpaka kukakucha, umenibonyeza, si kwa nguvu. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate."

"Mama watoto, mkono huu hauwezi kuinua kijiko."

"Najua. Mimi ndiye nakulisha."

Nilimwambia aufunge kwa kamba kwenye ubao wa kitanda. Akaufunga. Asubuhi kamba ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa mezani, kama ninavyokunja shuka la kunyolea. Tuliulizana ni nani aliyeamka kuifungua. Kila mmoja alisema si yeye, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Gharama yake ni hii. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Mkono wa kulia mchana. Nusu ya kulia ya kila kitu: nikitazama mlango naona bawaba sioni kitasa, nikitazama wanangu wamesimama pamoja lazima nigeuze kichwa ndipo nimwone wa mwisho. Mfuko wa damu kila nikiitwa, na utaendelea maadamu niko hai. Kiti changu, sasa nyuma yake anasimama kinyozi mwingine, na ule mstari kwenye vioo una watu nisiowajua. Shemeji ana kovu chini ya sikio, na katika kila picha ya ndoa yake ana plasta. Aliwahi, lakini bibi harusi alikuwa ameshalia. Na mke wangu analala chumba cha watoto, mlango umefungwa kwa ndani.